Mume Wangu Ameigawa Albamu ya Kwaya Bure

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Iringa, na ni mweka hazina wa kwaya katika usharika wetu wa Kilutheri. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu. Limeninyima usingizi, na sina wa kumwambia, maana kila ninayemfahamu ama yumo kwaya ama yumo kwenye grupu la WhatsApp nitakalokueleza.

Mwaka jana tulirekodi albamu yetu ya kwanza. Tulichanga miezi saba. Wenye mishahara walitoa fedha, wengine wakaleta mahindi, na bibi mmoja mjane akaleta jogoo. Tukamnadi baada ya ibada, jogoo yule akanunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu. Tukaingia studio na nyimbo 8. Nyimbo 6 ametunga mwalimu wetu wa kwaya, mmoja ni wa kitabuni tukaupangia sauti upya, na mmoja tuliuchukua kwa kwaya moja ya Dodoma tukaubadilisha kidogo. Studio peke yake ilikula Sh 1,200,000. Shida yetu ilikuwa kupata kinanda. Hiki tulicho nacho kina funguo nne zisizolia, na mpigaji wetu huziruka kama mtu anayevuka madimbwi.

Tulipofika kwenye kuuza, tukaona sidii hainunuliki tena, hata magari ya siku hizi hayana pa kuiingizia. Tukanunua flashi 100 kwa Sh 6,000 kila moja, tukaweka nyimbo, tukaziuza Sh 15,000. Siku ya uzinduzi ziliondoka 22. Jumapili ya pili 6, ya tatu 3. Baada ya hapo kimya, na flashi 69 zimo kabatini kwangu hadi leo.

Sasa wiki tatu zilizopita nilikwenda sokoni, nikasikia sauti yangu. Shangazi, nilisimama pale na kapu langu mkononi. Wimbo wa tatu mimi ndiye ninayeongoza, na ulikuwa ukitoka kwenye spika ya kijana anayeuza mitumba. Nilifurahi nusura nimkumbatie. Nikamwuliza flashi kainunua kwa nani. Akacheka: "Flashi gani tena mama? Hizi tumetumiana tu." Akanionyesha simu. Nyimbo zote 8 zimo.

Nikaanza kufuatilia, huyu katumiwa na yule, yule na huyu, mpaka nikafika kwenye grupu la jumuiya yetu wenyewe. Aliyezirusha wa kwanza ni mume wangu. Ujumbe wake una tarehe ya mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya uzinduzi, na umeandikwa: "Msikilizeni mama watoto, wimbo wa tatu," na mikono ya makofi imejipanga hapo chini.

Nilimkabili usiku uleule. Hakukana. Alisema flashi yake aliinunua Sh 50,000 mbele ya mgeni rasmi, kwa hiyo ni mali yake, na kama angenunua mkungu wa ndizi nisingemzuia kuwagawia majirani. Halafu akaniwekea Biblia, kwamba Injili tumepewa bure nasi tunapaswa kuitoa bure. Nilipopandisha sauti, mwanangu wa kwanza, aliyekuwa nyumbani likizo ya chuo, akadakia: "Mama, hebu nipe simu yako." Akaanza kunihesabia. Nyimbo 340, na hata mmoja sijaulipia. Nyingi nimeshusha kwenye tovuti za bure, nyingine huyo huyo mwanangu ndiye aliyenigeuzia kutoka YouTube. Akasema tena kwamba baadhi ni bure na ni halali, kwa hiyo si kila cha bure ni wizi. Hapo nikachanganyikiwa kabisa.

Uongozi wa kwaya hawajui nani alianza. Mwenyekiti ameitisha kikao Jumapili ijayo. Wanasema mhusika akipatikana alipe flashi zote 69, yaani Sh 1,035,000, na asimamishwe huduma. Mimi nimenyamaza, na kitabu cha hesabu ninacho mimi.

Shangazi, nimtaje mume wangu? Na mimi mwenye nyimbo 340, nina tofauti gani naye? Na kwaya ndogo kama yetu itauzaje muziki wakati kila mtu anaupata bure?

Mweka Hazina, Iringa

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi uliopotea.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kuna sentensi moja umeipitisha haraka kama mtu anayepita mlangoni kwa mdai wake. Nitairudia, usidhani sikuiona.

Kwanza huyo baba. Naona nyumbani kesi imeshafunguliwa na hukumu imeshaandikwa, lakini usome tena ujumbe wake. Hakuandika "nyimbo za bure hizi hapa". Aliandika msikilizeni mama watoto. Mwanamume wa miaka yake, tena kwenye grupu la jumuiya lenye wazee wa kanisa ndani yake, kutamka hadharani kwamba anajivunia sauti ya mkewe, jambo hilo mimi nimelisubiri kwa marehemu mume wangu miaka 26 sikulipata. Alikosea, naam. Alikosea akiwa amelewa furaha, nawe umwendee ukilijua hilo.

Sasa ndizi zake. Mkungu akiugawa, yeye unamwishia. Atabaki na kikonyo. Nyimbo aliwagawia watu wote wa grupu na bado anazo zote 8 kwenye flashi yake, na kila aliyepokea akagawa naye bado anazo. Alichonunua kwa ile Sh 50,000 ni flashi na ruhusa ya kusikiliza yeye na watu wa nyumbani mwake. Ruhusa ya kunakili na kusambaza haikuwamo kwenye bei, hata angelipa laki tano. Hiyo ilibaki kwa mwalimu aliyetunga na kwa kwaya iliyoimba. Kiswahili chetu kina maneno mawili mazuri hapo: hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki ni ya walioimba, waliopiga na waliorekodi. Zote mbili zimo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mtunzi halazimiki kwenda kujisajili popote ndipo azipate. Kazi ikishatungwa na kurekodiwa, inalindwa. Ukiisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, unachopata ni ushahidi wa kukusaidia siku ya ubishi, na kwa kweli ningewashauri mwende.

Na kuhusu Injili ya bure, mwambie baba huyo asifunge Biblia mapema. Mstari aliokushikia ni wa Mathayo sura ya 10. Asogee mbele mistari miwili tu, atakuta mtenda kazi anastahili posho yake. Mchungaji wenu anahubiri bure, lakini umeme wa kanisani mnaulipia.

Je, umtaje? Hapana, usimtaje wewe. Ajitaje mwenyewe, na iwe kabla ya Jumapili. Aende kwa mwenyekiti, na kwa mwalimu wa kwaya vilevile maana yeye ndiye mwenye nyimbo nyingi, aseme ni mimi, nilifanya kwa kumfurahia mke wangu, sikujua uzito wake. Mpe mpaka Ijumaa jioni. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti kabla kikao hakijaanza, umwambie kwamba jambo hili linakugusa kwa karibu na huwezi kukaa upande wa waamuzi. Hutakuwa umemtaja, ingawa wenye masikio wataelewa. Usilolifanya kabisa ni kukaa kwenye kikao na kitabu cha hesabu mapajani, watu wakimtafuta mtu unayelala naye kitanda kimoja. Siku likijulikana, na litajulikana maana ujumbe ule bado upo, fedha zote ulizowahi kuzishika zitahesabiwa upya.

Ile faini ya Sh 1,035,000, hapo nawe fungua mdomo, kwa kuwa hesabu unaijua kuliko wao. Tazama tarehe. Mliuza 22, kisha 6, kisha 3, kisha kimya. Mume wako amerusha nyimbo baada ya mwezi na siku kadhaa. Zile flashi zilishakufa kabla yake, mwanangu. Amezikuta sandukuni. Kumdai mtu mmoja bei ya flashi 69 ambazo hakuna aliyekuwa akizitaka ni kumtwisha marehemu asiyemuua.

Naomba tuzungumze juu ya kilichoziua, maana hapo ndipo pana faida kwenu. Mlinunua flashi kwa Sh 600,000. Mmeuza 31, na kwa bei yenu, ukiacha ile nyongeza ya mume wako, mkapata Sh 465,000. Kwa hiyo mpaka leo, kabla hata hamjagusa gharama ya studio, flashi zimewala Sh 135,000. Kila aliyetoa Sh 15,000 alitoa 6,000 kwa ajili ya plastiki iliyotoka Kariakoo na 9,000 kwa ajili ya sauti zenu. Na aliyetaka kununua Jumanne je? Angesubiri Jumapili, baada ya ibada, akutafute wewe mwenye ufunguo wa kabati. Yule kijana wa mitumba huenda hata kanisani kwenu hasali. Angekupatia wapi? Wenzake walimpa nyimbo ndani ya sekunde kumi. Ninyi mlimwekea mlima.

Hata mimi siwezi kujifanya mtakatifu. Nimekulia Tanga na kaseti. Siku hizo bendi zetu kubwa zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na sisi tulikaa mbele ya redio kidole kikiwa juu ya kitufe tukivizia wimbo uanze. Mtangazaji akichomeka neno katikati tulimlaani, na mpaka leo kuna nyimbo nikizisikia nasubiri ile sauti yake. Kaseti ya dukani iliyozibwa isirekodiwe juu yake tuliitia karatasi kwenye vitundu vyake ikakubali. Mjomba wangu alikuwa na deki mbili, akinakili kwa kuuza, na hakuna siku nilimsikia mtu akimwita mwizi. Wale wanamuziki wengi wao wamezeeka bila kitu, na sisi tuliowapenda ndio tuliokuwa tukinakili. Kwa hiyo ukiniuliza una tofauti gani na mume wako, jibu langu ni kwamba tupo watu wengi kwenye benchi hilo, sogea tukae.

Mwanao amesema kweli ingawa alichagua wakati mbaya. Bure si kipimo. Ulizia mwenye kazi ameruhusu au hakuruhusu, hicho ndicho kipimo. Kuna huduma kama Mdundo, iliyoanzia Kenya, ambayo inakupa wimbo kamili uushushe kwenye simu bila kulipa. Unasikia tangazo, mtangazaji ndiye anayelipa, na msanii anapata fungu lake. Hapo ni bure kwako, kwake si bure. Boomplay inayokuja tayari ndani ya simu za Tecno inakusikilizisha bure kwa matangazo, na ukilipia kwa mwezi matangazo yanaondoka na unaweza kuzihifadhi nyimbo ndani ya programu. Spotify nayo ipo Tanzania tangu Februari 2021, na ina upande wa bure na wa kulipia. Zote hizo zina mkataba na wenye kazi. Tovuti iliyobeba nyimbo za kila msanii chini ya jua, yenye vitufe vitano vya kupakua ambavyo vinne ni mitego, hiyo haina mkataba na mtu. Nakiri kuna ukungu: miaka ya nyuma wasanii wengi wa Bongo Fleva walikuwa wakiwapelekea wenyewe wenye blogu nyimbo zao mpya ili zisikike, kwa hiyo si kila wimbo wa blogu uliibwa. Lakini wewe na mimi hatuna namna ya kujua upi uliletwa na upi uliokotwa.

Kugeuza kutoka YouTube ndiko kubaya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukiusikiliza wimbo palepale, hata bila kulipa, msanii ambaye chaneli yake imefikia vigezo anapata kitu kutokana na tangazo. Ukishaugeuza ukautia kwenye simu, hata hicho kidogo umekikata. Halafu kuna hatari yako mwenyewe. Siku moja niliutafuta wimbo wa taarabu wa zamani kwenye tovuti ya namna hiyo, nikabonyeza nisichokijua. Kesho yake simu yangu ilianza kufungua matangazo ya kamari katikati ya kikao cha harusi, sauti juu, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya chakula.

Naelewa kwa nini unapenda wimbo uwe ndani ya simu. Ni bando. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida wa MP3 ni kama MB 4, unaushusha mara moja na umemaliza. Ukiusikiliza mtandaoni, hata kwa ubora mdogo, kila mara unachukua karibu MB 3. Mara ishirini ni MB 60 kwa wimbo mmoja, na mtu anayejifunza sauti ya pili anaurudia zaidi ya hapo. Watu wa mijini Ulaya wenye intaneti isiyokatika wanaweza kusahau jambo hili, sisi hatuwezi. Ndiyo maana nakuelekeza kwenye huduma zinazokuruhusu kuhifadhi. Ila ujue tofauti: zile za kulipia kwa mwezi umekodi, hujanunua. Siku usipolipa, nyimbo ulizohifadhi zinajifunga, na huwezi kuzihamishia kwenye flashi ya gari. Ukitaka iwe yako ya kudumu, nunua faili lenyewe kwa anayeliuza.

Zile 340 usizifute zote leo kwa uchungu, utazirudisha kesho kwa njia ileile. Anza na zilizogeuzwa kutoka YouTube, futa hizo, maana zipo kulekule uzisikilize. Kisha chagua kumi ambazo kweli huwezi kuishi bila hizo, uzitafute kwenye huduma halali. Na kama kuna kwaya ya jirani au mwimbaji wa hapo Iringa humo ndani, mtafute namba yake umtumie Sh 2,000. Atadhani umekosea namba.

Haya, twende kwenye sentensi uliyoipitisha haraka.

"Mmoja tuliuchukua kwa kwaya moja ya Dodoma tukaubadilisha kidogo." Nyani haoni kundule. Mume wako alichukua nyimbo za watu akazigawa bila kupata senti. Ninyi mlichukua wimbo wa watu mkaupeleka studio, mkautia kwenye flashi, mkauuza Sh 15,000. Kati ya hao wawili, sheria inamtazama kwa jicho kali zaidi anayefanya kwa biashara. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawatenganisha hivyohivyo. Na kubadilisha kidogo hakusaidii, kunaongeza kosa, kwa sababu mtunzi ana haki pia ya wimbo wake usichezewe bila kuulizwa. Kikao cha Jumapili kitamhukumu vipi mtu kwa kosa ambalo ninyi nyote 30 na kitu mmeliimba kwa sauti nne?

Kwa hiyo kabla ya kikao, mwalimu wenu apige simu Dodoma. Kwaya za makanisa zinafahamiana, namba itapatikana ndani ya siku moja. Aseme ukweli, aombe ruhusa, aulize wanataka jina la mtunzi liandikwe vipi na kama wanataka fungu. Mara nyingi watu wa kwaya watakubali kwa furaha, wataomba jina tu. Wakikataa, wimbo utoke. Flashi zinafutika, hilo ndilo jema lake: zile 69 zichomeke kwenye kompyuta, uondoe huo mmoja, uache 7. Huo wa kitabuni nao utazameni. Sheria yetu humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo tenzi za wazee wa karne zilizopita ziko huru, lakini aliyetafsiri kwa Kiswahili naye ana haki yake kwenye maneno, na huenda hajafa zamani. Mwulizeni mchungaji awasiliane na wachapaji wa kitabu.

Kuuza sasa. Zile flashi 69 mshushe bei hadi Sh 8,000. Mtu anayehitaji flashi tu atainunua kwa bei hiyo na nyimbo ataziona kama nyongeza, nanyi mtakuwa mmetoa plastiki yenu. Msinunue nyingine. Fungueni namba ya kulipia kwa jina la kwaya, si kwa jina lako wala la mwenyekiti, na albamu iuzwe Sh 3,000 kwa simu: mtu analipa, ujumbe wa malipo unaingia, kijana mmoja wa kwaya anamtumia nyimbo papo hapo, iwe Jumanne au usiku wa manane. Wakipatikana 200 tu kwa bei hiyo ni Sh 600,000 kasoro makato, na hakuna cha Kariakoo ndani yake. Wenye watoto Dar es Salaam na Mwanza, au walioko nje, nao wanapata njia ya kununua bila kusubiri mtu wa kusafiri na flashi.

Watasambaziana? Baadhi watasambaziana, na hamtakesha mkilinda simu za watu. Kwa hiyo fanyeni hivi: mwalimu arekodi maneno ya sekunde 15, yawekwe mwisho wa kila wimbo. Aseme nyimbo hizi ni za kwaya fulani, tunanunua kinanda, kama zimekufikia bila kulipia na zimekubariki, namba yetu ni hii. Namba hiyohiyo iwe kwenye picha ya albamu na kwenye jina la faili. Hapo kila anayerusha anawapelekea kapu la sadaka bila kujua.

Kwenye Boomplay, Spotify na hizo nyingine wekeni, kupitia msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayowapelekea nyimbo zenu huko, lakini msipeleke huko matumaini ya kinanda. Hakuna bei maalumu ya kusikilizwa mara moja. Fedha za mwezi zinakusanywa kisha zinagawanywa kwa kadiri kila mmoja alivyosikilizwa, na mnaokaa foleni moja ni ninyi na mastaa wa dunia nzima. Spotify tangu 2024 hailipi kabisa wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube, kwa video za kawaida, inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo ianze kuwagawia fedha za matangazo. Kwa usharika mmoja wa Iringa, watu 200 wenye Sh 3,000 wapo karibu zaidi. Huko wekeni ili mjulikane, na ili wimbo uwe na jina lenu kabla mtu mwingine hajauweka kwa jina lake. Na kumbuka, msambazaji atakuuliza kama kazi yote ni yenu. Bila ruhusa ya Dodoma mtajibu nini?

Mume wako nimempa kazi pia, na hii ndiyo ningetaka kikao kimpe badala ya faini. Arudi kwenye grupu lilelile, aandike chini ya ujumbe uleule, kwamba nyimbo alizorusha ni za kwaya na zinauzwa, alizirusha bila ruhusa, na namba ya kulipia ni hii. Aanze yeye kulipa, apige picha ujumbe wa malipo, auweke hapo. Halafu afuate njia ile uliyoifuata wewe, grupu hadi grupu, mpaka kwa yule kijana wa mitumba. Anayejua kujisifia mkewe vile anafaa kabisa kuwa muuzaji wenu.

Simu ya Dodoma ikishapigwa, niandikie wamesema nini. Wimbo wa tatu usinitumie, hata kwa nia njema. Nitumie namba.

Shangazi